Nainital: ukae mjini, uzunguke maziwa, uende Kainchi au upande Mukteshwar?

Nainital ni mji wa mlimani katika eneo la Kumaon, jimbo la Uttarakhand, kaskazini mwa India, kama kilomita 300 kutoka Delhi. Ziwa lake liko mita 1,938 juu ya usawa wa bahari, juu kidogo tu ya Naivasha, na nyumba za mji zimejibanza kwenye milima inayolizunguka. Anayefika huku anaweza kuwa mwanafunzi aliyepata wikendi ndefu, au mtu aliyekuwa akimuuguza ndugu Delhi na sasa amebakiwa na siku tatu kabla ya ndege. Wote hukutana na ubao uleule wa bei kwenye stendi ya teksi: safari ya maziwa, safari ya mahekalu, safari ya Mukteshwar kutazama milima ya theluji, kila moja na idadi ya "pointi" zake. Pointi ni mahali dereva anaposimama. Moja inaweza kuwa ziwa zima, nyingine ikawa ukingo wa barabara wenye kibanda cha chai na darubini ya kukodi.

Kosa la kawaida ni kununua safari yenye pointi nyingi. Kila mahali hapa pana saa zake. Theluji ya milima mikubwa huonekana asubuhi, kabla mawingu hayajapanda. Kainchi, bonde la hekalu maarufu, hupitika kabla ya magari ya tambarare kuwasili. Sattal, kwenye maziwa ya msituni, ndege huimba alfajiri, na kufika saa tano wameshanyamaza na boti zimejaa wanafunzi wa ziara. Huwezi kuwa kote huko saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo kabla ya kuuliza utaona nini, jiulize utaamkia wapi.

Vigezo

Machaguo manne yaliyo hapa chini yamepimwa kwa mambo yaleyale matano.

Njia: umbali kutoka Nainital, na muda halisi barabarani. Milimani kilomita 20 ni dakika 45 siku njema, na siku mbaya hakuna ajuaye. Kona zinafuatana bila kupumzika, na mwenye kichefuchefu cha gari ataugua hata kwenye safari fupi.

Miguu: ngazi na miinuko. Hii ndiyo huamua kwa mwenye mzazi mzee, mtoto wa kubebwa au mgonjwa aliyetoka kupona.

Saa na mwezi. Oktoba na Novemba hewa huwa safi kuliko miezi mingine. Desemba hadi Februari ni baridi kali, theluji huanguka mara mojamoja, lakini siku ya jua milima huonekana kama imekatwa kwa kisu. Machi na Aprili mirhododendroni, ambayo wenyeji huiita buransh, hutoa maua mekundu msituni. Mei na Juni ndio msimu wa watu, kwa kuwa Delhi inaungua kwa joto; lakini ndio pia miezi ya vumbi na moshi wa misitu ya misonobari, na milima ya theluji inaweza isionekane wiki nzima. Julai hadi katikati ya Septemba ni mvua za monsuni na maporomoko ya ardhi.

Kero: kitu kinachoharibu siku, na sababu yake.

Pesa: bei hubadilika kila msimu, hivyo kilicholinganishwa ni uzito wa gharama na mahali pesa inapopotelea.

1. Nainital yenyewe: ziwa, hekalu la Naina Devi na Snow View

Mji una ncha mbili. Tallital ni ncha ya chini, kusini mwa ziwa, ambako mabasi huishia. Mallital ni ncha ya juu, yenye soko, uwanja mpana uitwao Flats, na hekalu la Naina Devi ukingoni mwa maji. Katikati yake, upande wa mashariki, inapita barabara ya Mall Road yenye hoteli na maduka. Magharibi ni Thandi Sarak, maana yake "barabara ya baridi", njia ya miguu chini ya miti isiyoingia magari.

Jina la mji limetoka kwenye hekalu. Kwa imani ya Wahindu, mungu Shiva alipokuwa akibeba mwili wa mkewe Sati, macho yake yaliangukia hapa. Naina ni macho, tal ni ziwa. Ndani, mungu wa kike anaabudiwa kwa alama ya macho mawili. Hekalu unaloliona lilijengwa upya mwaka 1883, kwa sababu la awali lilifukiwa tarehe 18 Septemba 1880, mlima uliposhuka baada ya mvua kubwa na kuua watu 151. Kifusi hichohicho ndicho kilichoupanua uwanja wa Flats, ambako leo watu hucheza kriketi na kuegesha magari. Ukisimama hapo na kutazama mteremko wa kaskazini, utaelewa kwa nini mji umejaa mifereji ya mawe inayoshuka hadi ziwani: ilichimbwa ili maji ya mvua yasinywewe na mlima.

*Njia.* Hakuna. Ukishafika umefika. Kuzunguka ziwa lote kwa miguu ni takriban kilomita tatu na nusu, saa moja kwa mwendo wa kupiga soga.

*Miguu.* Ukingoni mwa ziwa ni tambarare kabisa, na hilo ni nadra Kumaon. Kupanda Snow View, mita 2,270, kuna gari la waya kutoka Mallital lenye njia ya mita 705, linalofika kwa dakika chache. Kilele cha juu zaidi mjini, Naina Peak, kiko mita 2,615 na hupandwa kwa miguu tu. Ni matembezi ya nusu siku kwa kwenda na kurudi, na viatu vya soli laini havifai. Tiffin Top ilikuwa chaguo jepesi zaidi, lakini jukwaa la mawe lililokuwa likiitwa Dorothy's Seat liliporomoka mwaka 2024, kwa hiyo mtu yeyote anayekuuzia farasi wa kwenda huko muulize kwanza njia inaishia wapi.

*Saa na mwezi.* Boti huenda vizuri asubuhi, maji yakiwa yametulia. Alasiri upepo hushuka kutoka milimani na mwenye boti ya pedali atatokwa jasho bila kusogea. Snow View ni ya asubuhi pia. Oktoba hadi Februari, kukiwa wazi, utaona Nanda Devi (mita 7,816), Trisul (mita 7,120) na Nanda Kot (mita 6,861) vikiwa vimejipanga. Mei na Juni gari la waya lina foleni ndefu, na juu unaweza kukuta ukuta mweupe wa utusitusi. Hapo nunua tiketi kwa ajili ya mtoto anayependa kupanda, usinunue kwa ajili ya theluji. Ziwa nalo hupungua kuelekea Juni, likaacha kingo za matope, kisha hujaa tena kwa mvua.

*Kero.* Wikendi za msimu polisi huzuia magari ya wageni nje ya mji na kuwapakia watu kwenye mabasi madogo. Mwenye mizigo mingi na hoteli ya juu kilimani hapo ndipo anapojuta. Kabla ya kulipa chumba, uliza ngazi ngapi kutoka barabarani hadi mapokezi. Jibu la "karibu tu" si jibu. Chumba chenye "mandhari ya ziwa" mara nyingi kina ngazi mia moja chini yake.

*Pesa.* Nafuu kuliko machaguo yote, kwa sababu hukodi gari. Bei za boti zimebandikwa gatini, nusu mzunguko na mzunguko mzima, ya makasia na ya pedali. Isome kabla hujasemeshwa, na uvae jaketi la kuokolea hata kama mpiga makasia amelikalia.

*Anayefaa.* Wazee, watoto, wenye siku moja, na wasiotaka kuona kona nyingine baada ya zile za kutoka Kathgodam, stesheni ya treni iliyo chini ya milima. Kwa Waislamu, msikiti wa ijumaa uko karibu na Flats, hatua chache kutoka hekaluni, na gurdwara ya Masingasinga iko hapohapo. Sala, kengele na makasia vyote husikika kutoka kwenye boti moja.

Kwa msomaji wa Kenya kuna la ziada. Jim Corbett, mwindaji wa simba-marara na chui walioua watu Kumaon, alizaliwa Nainital mwaka 1875, na nyumba ya familia yake, Gurney House, bado ipo kwenye kilima cha Ayarpatta. India ilipopata uhuru mwaka 1947 alihamia Nyeri, akafia huko mwaka 1955, na kaburi lake liko kwenye makaburi ya kanisa la St Peter's, alikozikwa pia Baden-Powell. Gurney House ni mali ya watu binafsi, usiingie kama unaingia makumbusho. Makumbusho yake yapo Kaladhungi, chini ya milima, kwenye nyumba yake ya majira ya baridi.

2. Maziwa matatu: Bhimtal, Sattal na Naukuchiatal

Hapa ndipo penye ushindani wa kweli na ziwa la mjini, na wengi hukosea kwa kudhani yote matatu ni kitu kimoja.

Bhimtal ni ziwa kubwa kuliko la Nainital, liko chini zaidi, kama mita 1,370, na lina kisiwa chenye nyumba ya samaki wa maonyesho kinachofikiwa kwa boti. Upande mmoja kuna bwawa la mawe la mwaka 1883, na pembeni yake hekalu la Bhimeshwar lililojengwa karne ya 17 na Baz Bahadur Chand, mfalme wa Kumaon. Ni ziwa la mji: maduka, pikipiki, honi. Naukuchiatal, kilomita nne mbele, lina pembe tisa, ndiyo maana ya jina, na kina chake ni kikubwa kuliko cha maziwa mengine ya hapa. Wenyeji husema anayeziona pembe zote tisa kwa mtazamo mmoja hapatikani tena duniani. Kutoka ukingoni haiwezekani kuziona zote, kwa hiyo uko salama. Sattal, "maziwa saba", ni kundi la maziwa madogo ndani ya msitu wa mialoni na misonobari. Ram, Laxman na Sita yameungana, Garud na Nal Damyanti yamejitenga, na Sukha Tal, kama jina lake linavyosema, ni kavu sehemu kubwa ya mwaka. Ashramu, yaani makazi ya ibada, ya Kikristo iliyoanzishwa hapo mwaka 1930 na mmisionari E. Stanley Jones imesaidia msitu unaoizunguka kubaki msitu.

*Njia.* Bhimtal ni kilomita 22, Sattal kama 23, Naukuchiatal kama 26. Bhimtal ina teksi za kuchangia kutoka miji ya jirani ya Bhowali na Haldwani. Sattal haina usafiri wa uhakika: ukishushwa njia panda utatembea, na kurudi jioni ni kuomba lifti. Jambo ambalo dereva wa Nainital hatakuambia: kutoka stesheni ya Kathgodam kuna barabara ya moja kwa moja kwenda Bhimtal, fupi kuliko ile ya Nainital. Ukitaka maziwa haya, huna haja ya kupanda Nainital kwanza kisha kushuka.

*Miguu.* Bhimtal na Naukuchiatal ni rahisi, barabara inapita ukingoni. Sattal ina vijia vya msituni vyenye mizizi na majani makavu yanayoteleza. Kwa kijana ni raha, kwa mwenye magoti mabaya aishie kwenye ziwa la kwanza lenye maegesho.

*Saa na mwezi.* Kwa kuwa ni chini, majira ya baridi hapa si makali kama Nainital, na Desemba mtu anaweza kukaa nje mchana bila kutetemeka. Sattal ni ya alfajiri. Wapenda ndege hutoka nchi za mbali kwa ajili yake, na kilele cha utulivu ni kabla ya saa tatu asubuhi. Aprili na Mei kuna hatari ya moto wa msituni. Aprili 2024 helikopta za jeshi la anga zilikuwa zikichota maji ziwani Bhimtal kuzima moto uliokuwa ukiteketeza misitu ya wilaya. Siku kama hiyo hakuna boti wala mandhari, ni moshi tu.

*Kero.* Safari ya "maziwa yote" ya siku moja humpa kila ziwa kama nusu saa. Kwa Bhimtal nusu saa inatosha, na kwa Sattal ni sawa na kutokwenda. Kero nyingine ni paragladi, kuruka kwa mwavuli, ya Naukuchiatal: kuruka kwenyewe ni kwa dakika chache, na hutegemea upepo, si saa uliyolipia. Rubani anayekubali kuruka huku majani ya miti yakipinduka ovyo, mwache. Uliza kibali chake, uliza kikomo cha uzito, kagua mkanda wa miguuni kabla ya kukimbia.

*Pesa.* Wastani. Gari zima la siku ndilo gharama kuu. Ukiwa watu wanne mnagawana, ukiwa peke yako lala Bhimtal na utumie teksi za kuchangia.

*Anayefaa.* Wanaotaka maji bila makelele, wapenda ndege, vijana wa kayaki, na familia inayotaka nyumba ya kupanga yenye jiko. Hafai mtu aliyekuja kuona theluji: mabonde haya yamezungukwa na vilima, na Himalaya yenyewe huwezi kuiona kutoka majini.

3. Kainchi Dham na Ghorakhal: njia ya mahekalu

Kainchi ni neno la mkasi. Barabara ya kwenda Almora inajikunja hapo kwa kona mbili zinazopishana kama visu vya mkasi, na bondeni, ng'ambo ya kijito, kuna hekalu la Hanuman, mungu mwenye umbo la nyani, na ashramu ya mwalimu wa kiroho Neem Karoli Baba, iliyofunguliwa mwaka 1964. Baba alifariki mwaka 1973. Steve Jobs alikuja mwaka uliofuata akimtafuta, akamkosa. Miaka mingi baadaye alimshauri Mark Zuckerberg naye aje. Hadithi hiyo, na picha za wachezaji wa kriketi kwenye simu za watu, zimegeuza bonde dogo kuwa mahali penye msongamano mkubwa kuliko popote wilayani.

Ghorakhal ni karibu na Bhowali, na watalii wengi huipita bila kujua. Ni hekalu la Golu Devta, mungu wa haki wa Kumaon. Anayedai kudhulumiwa shamba, kazi au mke humwandikia barua, wengine kwenye karatasi ya serikali yenye stempu kama ya mahakamani, na kuitundika hekaluni. Haki ikipatikana, hurudi na kengele. Kengele zimeshonana kuanzia njia ya ngazi hadi kwenye paa, kubwa za kubebwa na watu wawili hadi ndogo kama za mbuzi, na chini yake makaratasi yaliyofifia kwa mvua yakipepea. Soma kwa macho tu. Ni mashauri ya watu.

*Njia.* Kainchi ni kilomita 17 kutoka Nainital kupitia Bhowali. Siku ya kazi asubuhi ni chini ya saa moja. Jumamosi na Jumapili kipande cha Bhowali hadi Kainchi, kilomita nane hivi, kinaweza kula zaidi ya saa nzima peke yake, kwa sababu barabara ni moja, nyembamba, na ndiyo hiyohiyo ya kwenda Almora.

*Miguu.* Kainchi ni nyepesi: daraja, ua, foleni. Tatizo ni kusimama, si kupanda. Ghorakhal kuna ngazi, lakini si za kukata tamaa.

*Saa na mwezi.* Fika hekalu linapofunguliwa asubuhi. Jumanne na Jumamosi ni siku za Hanuman, foleni huongezeka. Tarehe 15 Juni ni maadhimisho ya kila mwaka, ambapo waumini hupewa malpua, chapati tamu za kukaanga. Barabara hufungwa kwa magari binafsi na umati hauna mfano. Kwa muumini ni siku kuu, kwa mgeni wa kutazama ni siku ya kukaa mbali.

*Kero.* Picha haziruhusiwi ndani. Viatu huvuliwa, na sakafu ya Januari huuma nyayo, kwa hiyo vaa soksi nene. Mabega na magoti yafunikwe. Asiye Mhindu anakaribishwa. Halazimiki kupakwa rangi usoni, na akipewa prasadi, chakula kilichobarikiwa, hupokea kwa mkono wa kulia au kukataa kwa kuunganisha viganja na kuinamisha kichwa kidogo. Kulala ashramuni hakupatikani kwa kubisha mlangoni, ruhusa huombwa mapema.

*Pesa.* Ndogo. Hakuna kiingilio, teksi za kuchangia za Almora hupita hapo. Pesa hupotelea kwenye gari la kukodi linalokaa foleni, kwa hiyo kubaliana bei pamoja na muda wa kusubiri.

*Anayefaa.* Mwenye haja ya kimya cha ibada, anayeweza kuamka mapema, na anayependa kuona dini ikitumika kila siku. Akiwa na nafasi ya hekalu moja tu na si mfuasi wa Baba, Ghorakhal itampa mengi zaidi ya kutazama kwa umati mdogo zaidi. Ukirudi, simama Bhowali kwenye soko la matunda: Mei hadi Julai kuna pichi, plamu na aprikoti za mashamba ya jirani.

4. Mukteshwar: theluji

*Njia.* Kama kilomita 50 kutoka Nainital, saa mbili hadi mbili na nusu, kupitia Bhowali na mashamba ya matunda ya Ramgarh. Ni ya kona mwanzo hadi mwisho. Mwenye kichefuchefu akae mbele, ale kidogo, asiangalie simu.

*Miguu.* Hekalu la Shiva liko juu ya kilima, mita 2,286 hivi, na lina ngazi. Nyuma yake ni Chauli ki Jali, miamba iliyochomoza juu ya bonde bila uzio wa maana. Baada ya mvua au umande mawe huteleza; watu husogea hatua moja zaidi kwa ajili ya picha, na hiyo hatua ndiyo hatari yenyewe. Watoto washikwe mkono.

*Saa na mwezi.* Hapa ndipo hesabu ya saa inapouma. Anayetoka Nainital saa tatu baada ya chai anafika karibu na adhuhuri, mawingu yameshakaa kifuani mwa milima, naye anarudi akisema Mukteshwar haina kitu. Lala huko. Saa kumi na mbili asubuhi ya Novemba safu nzima ya theluji inaanza kuwa ya rangi ya chungwa kuanzia vileleni kushuka chini, na saa nne imeshafifia. Mei hadi Septemba usiende kwa ajili ya theluji.

*Kero.* Baridi. Hita ya chumbani mara nyingi hulipiwa kando, uliza kabla. Januari barabara inaweza kuwa na barafu kwenye kona zisizopata jua, na dereva wa tambarare asiyezoea si mtu wa kumwamini.

*Pesa.* Ghali kuliko yote, kwa kuwa unalipa gari la siku mbili au safari mbili, na chumba.

*Anayefaa.* Mpenda milima mwenye siku mbili za ziada kati ya Oktoba na Februari. Pia daktari wa mifugo yeyote. Maabara ya utafiti wa magonjwa ya mifugo ilihamishiwa hapa mwaka 1893, mahali pa baridi na mbali na mifugo ya watu, hasa kwa sababu ya sotoka, ugonjwa uleule uliofyeka ng'ombe wa Wamasai mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 1890. Taasisi bado ipo, na msitu wake ndio unaofunika kilima.

Yanayohusu machaguo yote

Treni ya usiku, Ranikhet Express, hutoka Delhi usiku na kufika Kathgodam alfajiri. Treni ya Shatabdi hutoka Delhi asubuhi na kufika karibu na adhuhuri. Kathgodam ndiyo mwisho wa reli, na kutoka hapo Nainital ni kilomita 35, saa moja na nusu.

Beba pasipoti yenyewe na viza, si nakala. Hoteli inayompokea mgeni kutoka nje ya India inatakiwa kumsajili kwa fomu maalumu ya serikali, na gesti ndogo nyingi hukataa wageni kwa kukwepa kazi hiyo, hata ukiwa umeshalipa mtandaoni. Piga simu, sema una pasipoti ya Tanzania, Kenya au kwingineko, na usubiri jibu lililo wazi.

Beba pesa taslimu, noti ndogo. Mwenye boti, muuza chai na dereva wote wana msimbo wa kulipia kwa simu, lakini mgeni asiye na akaunti ya benki ya India mara nyingi hawezi kuutumia, na mashine za kutolea pesa hukauka wikendi za msimu.

Kwa hali yako

Una siku moja tu: baki Nainital. Boti asubuhi, Snow View kama anga ni safi, Thandi Sarak alasiri.

Una siku mbili na mzazi mzee: lala karibu na ziwa, hoteli isiyo na ngazi, na siku ya pili nenda Bhimtal na Naukuchiatal kwa gari. Sattal iache.

Una siku mbili na umechoshwa na miji: usipande Nainital kabisa. Kathgodam hadi Bhimtal, lala Sattal au Naukuchiatal, toka alfajiri.

Umekuja kwa ajili ya Kainchi: lala Bhowali au Bhimtal, siku ya kazi isiyo Jumanne, uwe barabarani kabla ya jua. Ghorakhal uipitie ukirudi.

Ni Novemba na unataka theluji: usiku mmoja Mukteshwar, halafu Nainital ukishuka. Ni Juni na unataka theluji: badili unachokitaka, chagua maji.

Ni Agosti: kaa mjini, usipange Mukteshwar wala safari ndefu siku ya kuamkia treni. Na mwezi wowote, kama treni yako ya kurudi ni Jumapili jioni, toka Nainital zikiwa zimebaki saa nne treni iondoke, kwa sababu Delhi nzima inashuka mlima saa hizohizo.